Kihuko, Lugha ya Wasio na Midomo

Waliokuwepo siku hiyo ni hawa: shangazi, dada ya baba, aliyetoka Illasit asubuhi na mapema na gunia la viazi na mkungu wa ndizi; baba mdogo wa Tuala, aliyevaa koti la harusi yake; mwenyekiti wa chama cha watu wa kwetu Ukambani wanaoishi Kitengela, mzee mwenye masharubu yaliyofunika mdomo wote; Koko, mama Mmaasai mwenye ploti tuliyopanga, ambaye hakuna aliyemwalika lakini alikuja na kiti chake mwenyewe; dada yangu, aliyekuwa gredi ya saba; kitinda mimba wetu, aliyekuwa gredi ya tatu; na mimi, mkubwa wao. Kuku wa jirani aliingia akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa tena, kwa hiyo yeye simhesabu.

Baba na mama tuliwazika pamoja mwaka uliotangulia. Baada ya mazishi jamaa walikubaliana tukae kwanza jinsi tulivyo mpaka matanga yapoe, halafu warudi watugawe. Kwetu ndivyo inavyofanywa. Mayatima hawaachiwi nyumba moja wailemee. Kila nyumba inachukua mmoja. Si ukatili. Ni njia ya kuhakikisha kila mtoto amekula. Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha tatu na kuingia kwa fundi wa mageti karibu na barabara ya Namanga, kwa hiyo nilihesabiwa kama mtu aliyeshughulikiwa tayari. Waliobaki kushughulikiwa ni wale wawili.

Lakini kabla sijasimulia mkutano, lazima niwaeleze Kihuko, maana bila Kihuko siku hiyo haina kichwa wala miguu.

Tulikuwa tunaishi chumba kimoja, cha mwisho kwenye ploti, kile kinachotazama mbuga. Katikati nilikuwa nimetundika shuka nyeupe ili dada yangu awe na upande wake. Jioni moja alikuwa amelala kifudifudi akichora kiumbe wa sayari nyingine juu ya karatasi ya mfuko wa simiti niliyomletea kutoka kazini. Alimpa macho manne, shingo kama ya mbuni, na mikono mingi hata nafasi ikaisha. Mdogo wetu akachungulia.

"Mdomo uko wapi?"

"Nimesahau."

"Sasa anaongea aje?"

Dada yangu hakuwa mtu wa kukubali kosa. Akafikiri kidogo, akasema, "Hana mdomo. Watu wa huko hawana midomo. Wanaongea kwa ulimi na pua."

"Huko wapi?"

"Huko!" Akaelekeza kalamu juu kwenye mabati.

Basi wakawa Wahuko, na lugha yao ikawa Kihuko, na kuanzia jioni hiyo hatukuwa na amani tena. Kwa kuwa Wahuko hawana midomo, sauti yoyote inayohitaji midomo kugusana ilipigwa marufuku. Ukitamka b, p au m, hata kwa bahati mbaya, unaosha vyombo. Zilizobaki tulizipanga kama mtu anayepanga duka. Kuvuta pumzi ndani kwa haraka, kama mtu aliyekanyaga maji baridi, ilikuwa "ndiyo." Kugonga ulimi juu ya kaakaa mara mbili, "hapana." Kuguna puani sauti ikipanda ni kuuliza, sauti ikishuka ni kujibu, na sauti ikikaa palepale ni kusema jambo ambalo kila mtu analijua, kwa mfano kwamba sukari imeisha. Mluzi wa kupitisha hewa kwenye meno, ule wachungaji wa hapa wanaoutumia kurudisha mbuzi, ulikuwa ni wingi: ukiuweka mwisho wa neno, kitu kimoja kinakuwa vingi.

Na kusonya ilikuwa "asante." Hiyo ilikuwa akili ya mdogo wetu. Alisema sauti nzuri kama ile haifai kupotea kwa matusi. Tukamkubalia, mpaka siku aliyomsonya muuza maziwa baada ya kujaziwa chupa. Nilirudi naye kuomba msamaha na yule mama hakutaka kusikia habari za sayari. Jioni hiyo tukaketi kama bunge na kusonya kukaondolewa kwenye lugha rasmi.

Maandishi yalizaliwa na ile shuka. Walikuwa wanakata herufi za karatasi, wanazishika upande mmoja wa shuka na tochi ya simu nyuma yake, na aliye upande wa pili anasoma kivuli. Shida ni kwamba aliye upande wa pili anaona kila kitu kimegeuka. Waligombana sana. Mmoja anasema ameandika "chai," mwingine anasema hiyo ni "kiatu."

Hapo ndipo na mimi nikapata kazi. Mtu anayetengeneza mageti anajua jambo hilo vizuri. Geti lina watu wa nje na watu wa ndani, na ua unalochomelea lazima liwe sawa kwa wote. Nikawaambia, tengenezeni herufi zenye upande wa kulia na wa kushoto unaofanana. Mkuki wa juu ya geti, sawa. Duara, sawa. Almasi, sawa. Pembe za ng'ombe, sawa. Lile ua la kujikunja kama nyoka, ambalo wateja wetu wanalipenda sana, likafukuzwa siku hiyohiyo kwa sababu ukiliangalia kutoka nyuma linakudanganya. Na herufi zisitembee kwa mstari kwenda kando, kwa sababu ukizunguka nyuma mwanzo unakuwa mwisho. Zishuke kutoka juu kwenda chini, neno moja kwenye mstari mmoja, kama shanga kwenye uzi.

"Kama vyuma vya geti," alisema dada yangu.

"Kama vyuma vya geti," nikasema, na nikajisikia mtu mkubwa sana, kuliko siku niliyonunua mashine yangu ya kusagia chuma.

Miezi ilipita ndipo nikatambua kwamba kwa Kihuko huwezi kusema mama, wala baba. Sijui kama dada yangu alikuwa amejua hilo tangu mwanzo. Sikumwuliza. Nilijua tu kwamba ndani ya Kihuko tulicheka, na nje yake hatukuwa tukicheka sana.

Sasa, mkutano.

Ulikuwa Jumapili mchana baada ya kanisa. Dada yangu alikuwa amepika pilau, shangazi akaionja na kusema chumvi iko sawa, jambo ambalo kwa shangazi ni kama kupewa cheti. Wakubwa walikaa kwenye viti, sisi watatu tukapangwa kwenye kitanda tukiegemea ukuta. Mwenyekiti aliomba, kisha akaanza kuongea. Aliongea habari za ukoo, akaongea habari za mvua, akaongea habari za vijana wa siku hizi. Na kwa kuwa wakubwa wakiongea watoto hawafungui midomo, sisi hatukufungua midomo.

Mdogo wetu aliguna puani, sauti ikipanda: "Huyu ni Muhuko?"

Nilimwangalia mwenyekiti. Masharubu yalikuwa yanapanda na kushuka na maneno yalikuwa yanatoka, lakini mdomo haukuonekana popote.

Dada yangu akavuta pumzi ndani: "Ndiyo."

Kuna kicheko ambacho kinakujia pale tu kilipokatazwa. Kilianza tumboni kwa mdogo wetu, nikakisikia kwenye kitanda kabla sijakisikia kwenye sikio. Kitanda kikaanza kutetemeka. Nilijaribu kufikiria mambo mazito. Nikafikiria kodi ya nyumba, haikusaidia.

"Kuna mtu anaumwa na tumbo hapo?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana, mzee," nikasema.

"Basi tuendelee."

Akampa shangazi nafasi. Shangazi akasimama, akajifunga leso vizuri. "Huyu mdogo atakuja na mimi Illasit. Kuna shamba, kuna maziwa, kuna shule ng'ambo ya barabara. Nimeshamnunulia godoro."

Baba mdogo akasema, "Msichana ataishi kwangu Tuala. Atasaidiana na watoto wangu, na mimi nitamsomesha kama hao."

"Na huyu mkubwa ana kazi," mwenyekiti akamalizia. "Kitanda kimoja kinamtosha. Kwa hiyo wiki ijayo..."

Kila walichosema kilikuwa cha kweli na cha upendo, na mimi niliketi pale nikiona chumba kikiwa na kitanda kimoja na shuka isiyogawa kitu. Mdogo wetu aligonga ulimi: hapana. Akagonga tena: hapana. Dada yangu akamgunia sauti ya chini, ile ya kumwambia atulie. Na jambo la aibu ni kwamba kicheko kilikuwa bado hakijaisha. Kilikuwa kinatoka pamoja na machozi, kwa wote watatu, na kitanda kilitetemeka kuliko mwanzo.

"Wanacheka!" shangazi akasema. "Sisi tumeacha kazi zetu tumekuja kuwapanga, wao wanacheka! Ni nini hizo sauti mnafanya kama panya kwenye dari?"

 

Ndipo kutoka pembeni, mahali Koko alipokuwa ameketi na kopo lake la ugoro, tukasikia ulimi ukigonga kaakaa. Mara mbili. Halafu mguno mzito wa puani, wa kushuka, wenye kina kama wa akina mama wanaoimba harusini. Halafu mluzi wa meno.

*Hapana. Hawa. Wote.*

Sisi watatu tukamgeukia.

"Koko anaongea!" mdogo wetu akapiga kelele, kwa Kiswahili, na midomo yote. "Koko anaongea Kihuko!"

"Anaongea nini?" baba mdogo akauliza.

Koko alipiga chafya kwanza. Ugoro una heshima zake. Kisha akasema, "Ukuta yangu ni ya mabati. Mwaka mzima hawa watoto wanaongea, mimi niko hapo nje na kuku zangu, nasikia. Mwanzo nikafikiri wanatukana mimi."

"Hatukukutukana, Koko," dada yangu akasema haraka.

"Najua. Lakini mtu akitukanwa ni lazima ajue ametukanwa nini. Nikaanza kusikiza vizuri. Siku ya kwanza nikapata 'ndiyo.' Siku ya pili nikapata 'chai.' Halafu nikaona sasa siwezi kuacha, ni tamu." Akanigeukia. "Na wewe mkubwa, unaongea vibaya. Mluzi yako ni ya mtu hajawahi kuchunga hata kondoo."

Mdogo wetu alianguka kitandani kwa kicheko.

Mwenyekiti alijikuna shavu. "Mama, unataka kutuambia watoto wana lugha? Lugha yenye maana, si kelele?"

"Wapime," akasema Koko.

Baba mdogo ni mtu asiyependa kudanganywa. Alikuwa konda miaka mingi. Akasimama, akamwita dada yangu kando, akamnong'oneza kitu sikioni. Dada yangu akashika mdomo.

"Baba mdogo, hiyo siwezi kusema."

"Sema! Si ni lugha? Sema tuone kama huyu mama ataelewa."

Dada yangu akanyoosha shingo, akaguna, akagonga, akapiga mluzi, akaguna tena kwa muda mrefu. Koko alisikiliza amefumba macho. Alipofumbua, alimwangalia mwenyekiti kwa huruma.

"Huyu bwana anasema wewe maneno yako ni refu. Anasema imekuwa refu kama mkia ya ng'ombe, na chakula inapoa."

Baba mdogo akaruka. "Mkia sikusema! Mimi sikutaja mkia! Huo mkia ni wake!"

Kila mtu akatambua alichokuwa amekiri. Shangazi ndiye aliyeanza. Sijawahi kumwona shangazi akicheka vile, alishika ukuta. Kisha masharubu ya mwenyekiti yakapanda, yakapanda zaidi, na chini yake tukaona meno. Alikuwa na mdomo kumbe, na mzuri. Baba mdogo alijaribu kukasirika kwa koti lile la harusi, akashindwa. Kuku akaingia na safari hii hakuna aliyemfukuza.

Tulipotulia, Koko hakuwa akicheka. "Sasa sikizeni," akasema. "Huyu mdogo ukipeleka Illasit, atasemea nani? Viazi ya shambani? Huyu msichana akienda Tuala, ataguna, watu watasema ni mgonjwa. Hii lugha iko na watu watatu tu kwa dunia. Watatu na mimi, na mimi ni mzee. Nyinyi mnataka kuigawa kwa gari tatu."

"Mama, lugha haiwalishi," shangazi akasema, lakini kwa upole.

"Nani atawaangalia?" mwenyekiti akauliza. "Huyu mkubwa mwenyewe ni mtoto. Akiugua? Akikosa kazi? Huyo msichana anakua, nani atamwambia ya wasichana? Sisi tuko mbali."

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe, na lugha haikuweza kulijibu. Nilifungua mdomo nijibu mimi, kwa sababu kwa mwaka mzima nilikuwa nimeamka kabla yao na kulala baada yao, na nilitaka wajue ningeweza kuendelea. Koko akaninyamazisha kwa mkono.

"Mimi," akasema. "Niandikeni mimi. Wakilala njaa, mniulize mimi. Huyu mvulana akikosa shule, mniulize mimi. Huyu mkubwa akilewa, nitamfunga kwa boma na ndama."

Kwetu mtu akisimama hivyo mbele ya jamaa, hasimami kwa maneno tu. Ameweka jina lake na nyumba yake. Jamaa wakiona mtoto amepotea, kwake ndiko watakakokwenda, na wana haki. Mwenyekiti alimwuliza kama anaelewa hivyo. Koko akavuta pumzi ndani kwa haraka, kama mtu aliyekanyaga maji baridi, na mwenyekiti, Mungu ambariki, akaelewa bila kutafsiriwa.

Shangazi ndiye aliyebaki. Alikuwa ameinamisha kichwa, akichezea pindo la leso. Akamwita mdogo wetu.

"Na mimi, kwa hiyo lugha yenu, mnaniitaje?"

Mdogo wetu aliona aibu. Akaguna mara tatu na kupiga mluzi.

"Maana yake?"

"Yule anakuja na mizigo."

Shangazi aliangalia gunia la viazi, akaangalia ndizi. "Godoro litakaa," akasema. "Likizo ya Desemba atakuja alilalie. Na huyo msichana pia. Na nisisikie mtu ameguna mezani kwangu bila kunifundisha kwanza."

Ndivyo tulivyobaki watatu. Walipoondoka, baba mdogo alikuwa akimwomba dada yangu amfundishe kusema "abiria, songa nyuma," ingawa ukonda aliuacha zamani. Tuliwasindikiza hadi barabarani tukicheka kama walevi, na watu waliotoka ibada ya mchana wakatuangalia.

Koko alikuwa anatungoja mlangoni pake.

"Ashe oleng', Koko," nikamwambia. Asante sana. Ndiyo Kimaasai changu karibu chote.

"Asante haitoshi. Mtanilipa."

"Sema chochote."

Akaonyesha geti la ploti. Lilikuwa la mabati na mbao, limeoza chini, na usiku tulilifunga kwa waya. "Unajua kuandika ile kitu mnawekanga kwa shuka? Mimi kusoma ya shule ilinipita. Ya kanisa pia, nashika tu kitabu. Hii yenu nimeiona kwa kivuli, na nimeshika kidogo. Nataka geti yenye inasema jina langu. Mtu akiwa nje asome, mimi nikiwa ndani nisome."

Nilimwambia hiyo ni rahisi. Herufi zinashuka, chuma kimoja ni neno moja. Nilianza wiki hiyohiyo, fundi akinipa vipande vilivyobaki. Dada yangu alichora, mdogo wetu akakagua, na chuma cha kwanza kikatoka na jina la Koko, mkuki juu, duara, pembe, almasi. Koko alikipapasa kwa kidole kutoka juu hadi chini, akakizunguka, akakipapasa upande wa pili.

"Ni mimi," akasema. "Lakini jina peke yake ni kama mtu amesimama uchi. Weka ya mama yangu."

Nikaweka ya mama yake. Akaja akataka ya bibi yake. Halafu akataka geti liseme kwamba mbwa ni mkali.

"Koko, huna mbwa."

"Mwizi anajua?"

Mwizi hajui Kihuko pia, lakini nilichomelea. Halafu akataka salamu kwa ng'ombe wake, waliomtangulia na waliopo. Halafu jibu kwa mkwe wake fulani aliyemkosea kwenye harusi, jibu ambalo dada yangu alikataa kulichora mpaka likapunguzwa makali. Miaka imepita; dada yangu sasa yuko sekondari na anakuja likizo akiwa na herufi mpya. Mdogo wetu ana sauti nzito na mluzi wake unaita mbuzi wa watu. Vyuma vimeegemea ukuta wa chumba chetu, mstari mzima, na siwezi kuchimba mashimo ya nguzo kwa sababu sijui geti litakuwa na upana gani. Fundi alikuja akaviangalia, akaniuliza kama ni geti la kupitisha ndege.

Jumamosi iliyopita nilimwambia Koko kwamba sentensi imetosha, nifunge fremu, nitundike, deni liishe. Tukahesabu pamoja, yeye akisoma kwa kidole, bila kukosea hata chuma kimoja. Alipofika mwisho akatoa kopo la ugoro, akapiga chafya.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini hapo mwisho haijaisha. Weka 'na.'"

"Na nini, Koko?"

"Wewe weka kwanza 'na.' Hiyo ingine nitakuambia."

Chuma cha "na" nimekikata leo asubuhi.